Mmoja asema tutoe, mwingine asema tuache: mawe ya nyongo kwa mgonjwa wa sirozi

BARUA

Mshauri, jambo sana.

Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nauza mahindi na unga kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapahapa mjini. Mume wangu alifariki, nina watoto wanne, mkubwa ameshaoa. Miaka minne iliyopita waliniambia nina hepatiti B na kwamba ini limeshapata sirozi, yaani limekuwa gumu kwa makovu. Walinianzishia tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku. Namezaga, ila zikiisha, au nikienda kufuata mzigo Kasumbalesa nikazisahau, nakaa hata majuma mawili bila dawa, na sioni tofauti.

Tangu mwaka jana chini ya mbavu za kuume kunaniuma. Mchana ni uzito tu, na tumbo linajaa gesi. Lakini kuna usiku fulani, hasa nikila samaki tomson wa kukaanga, maumivu yanakuja kwa nguvu juu ya kitovu na kutokea mgongoni hadi chini ya bega la kuume. Natapika, nazunguka uani mpaka saa nane, kisha yanakwisha yenyewe. Imenitokea mara kadhaa. Hapo nameza diklofenaki ya farmasi, inatuliza.

Nilipigwa ekografia, ile picha ya tumbo. Waliandika: ini limekunjamana, bandama ni kubwa, sentimita 16, mfuko wa nyongo una mawe matatu, kubwa ni milimita 11, ukuta wa mfuko ni milimita 6, maji kidogo tumboni. Daktari mpasuaji aliisoma karatasi hiyo, nikamweleza zile usiku, akasema mfuko umewaka moto, tuutoe mwezi ujao kabla haujapasuka. Nikaenda kwa daktari wa magonjwa ya ndani anayenifuata kwa hepatiti. Huyo aliangalia damu: bilirubini, ile ya manjano, 1.6; albumini, protini ya damu, 31; INR ya kuganda kwa damu 1.5; plaketi, chembe za kugandisha damu, 82,000. Akasema, mama, usikubali kisu, wenye sirozi wanabaki mezani. Zile usiku sikumwambia, nilikuwa nimeingia na hofu.

Yaya wangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, anafanya kazi Kolwezi, ameshachanga pesa za operesheni na ananisukuma niende. Dada yangu ninayekaa naye anasema nyongo ndiyo inayoharibu ini, ikitoka ini litapona. Amenikataza mayai, maharagi na mafuta, na ananichemshia mizizi asubuhi. Mama mmoja kanisani ana dawa ya ndimu na mafuta ya zeituni ya kutoa mawe kwa choo, anasema yeye aliyaona kwa macho, ya kijani.

Jambo lingine ni hili. Yaya hajui kwamba ni hepatiti B, anajua tu "maini." Watoto nao hawajui. Dada anajua, na tangu ajue sahani yangu na kopo langu vinakaa peke yake juu ya friji.

Nitolewe au nisitolewe? Mawe hayayeyuki? Na niwaambie watu wangu?

Mama wa Katuba

JIBU

Mama yetu wa Katuba, jambo na wewe, na pole kwa usiku za kuzunguka uani peke yako.

Kabla ya kisu kuna kitu cha leo hii. Diklofenaki iache, pamoja na ibuprofeni na aspirini. Kwa mtu mwenye sirozi na maji tumboni, dawa za jamii hiyo zinabana damu inayoingia kwenye figo, na figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache tu. Tena zinachubua tumbo, na wewe unaweza kuwa na mishipa iliyovimba ndani ya umio ambayo haihitaji kuchokozwa. Maumivu yakija, paracetamol inakufaa, vidonge vya miligramu 500, usipite vinne kwa saa 24. Watu wengi hapa wanaogopa paracetamol kwa sababu ya ini na kukimbilia diklofenaki, kumbe kwa kipimo hicho ndiyo salama zaidi. Mizizi ya asubuhi nayo isimame. Sisemi dada ana nia mbaya, ila hakuna anayejua ndani yake mna nini wala kiasi gani, na ini lako halina tena akiba ya kufanya majaribio.

Sasa tuje kwa waganga wako wawili. Umeandika kana kwamba mmoja ni mkweli na mwingine amekosea. Tuwasome upya. Mpasuaji alisikia habari za usiku na kuona ekografia, lakini hukusema kama aliona damu yako. Wa magonjwa ya ndani aliona damu, lakini usiku hukumwambia. Kila mmoja alijibu karatasi iliyokuwa mbele yake. Huenda wakikaa na karatasi zote mbili hawatapishana sana.

Nawe una maumivu mawili, mama, usiyachanganye. Ule uzito wa mchana, na gesi, mara nyingi hautoki kwenye mawe. Ini lenyewe, maji tumboni, vidonda vya tumbo, vyote vinaweza kuuleta, na diklofenaki ingeweza kuuongeza. Kuutoa mfuko wa nyongo hakutauondoa, na wapo wanaopasuliwa kwa sababu ya uzito wa namna hiyo kisha wakaamka nao. Yale ya usiku ni habari nyingine. Maumivu yanayoanza baada ya mlo wa mafuta, yanayopanda na kukaa nusu saa hadi saa kadhaa, yanayotokea chini ya bega la kuume pamoja na kutapika, halafu yakaisha kabisa, hiyo ndiyo sura ya jiwe linaloziba shingo ya mfuko kisha likarudi ndani. Ukikutana tena na hao waganga, anza na hizo usiku: ziliendelea saa ngapi, ulikula nini, kulikuwa na homa au hapana, mkojo wa kesho yake ulikuwa na rangi gani.

Neno "umewaka moto" nalo linahitaji kuulizwa. Ukuta wa mfuko wa nyongo kwa kawaida hauzidi milimita 3, na wako una 6. Kwa mtu asiye na sirozi mpasuaji angekuwa na haki ya kushtuka. Lakini albumini ikishuka, presha ya damu ikipanda kwenye mshipa mkubwa wa ini, na maji yakiwa tumboni, ukuta huo unavimba kwa maji tu, bila moto wowote. Namna ya kutofautisha ni rahisi: anayepiga ekografia akandamize kifaa juu ya mfuko wenyewe huku unavuta pumzi. Ukishtuka na pumzi ikakatika kwa maumivu, hiyo ni dalili ya moto. Waongeze kupima chembe nyeupe za damu na CRP, kipimo cha moto mwilini, na wakupime joto. Huna homa, hushtuki, damu imetulia? Basi ukuta ule unaweza kuwa unasema habari za ini, siyo za mawe. Wakati huohuo waombe waangalie kama ule mshipa mkubwa wa ini haujaziba, na kama hakuna uvimbe ndani ya ini lenyewe. Mwenye hepatiti B na sirozi anatakiwa kupigwa ekografia kila miezi 6 kwa ajili hiyo, mawe yawepo yasiwepo.

Mganga wako wa pili hakuota hofu yake. Nchini Marekani, miaka ya 1980 na 1990, wapasuaji walihesabu wagonjwa wa sirozi waliopasuliwa tumbo: walikufa kama 10 kwa 100 wenye ini la daraja A, lenye nguvu bado, 30 wa daraja B, na karibu 80 wa daraja C, lililochoka kabisa. Vizazi vya madaktari vimefundishwa hesabu hiyo. Ila ilikuwa ni tumbo kufunguliwa wazi, kwa magonjwa ya kila aina, na wengi waliletwa kwa dharura. Kutoa mfuko wa nyongo kwa kamera, kwa tarehe iliyopangwa, kwa mtu wa daraja A au B aliyetayarishwa, hatari yake iko chini sana kuliko hapo, ingawa inabaki juu kuliko ya mtu mwenye ini zima. Daraja C ndilo ambalo wapasuaji wengi hawaligusi.

Daraja lako unaweza kulihesabu mwenyewe kwa karatasi ulizo nazo. Inaitwa hesabu ya Child-Pugh, mambo matano, kila moja pointi 1 hadi 3. Bilirubini chini ya 2 ni pointi 1. Albumini kati ya 28 na 35 ni 2. INR chini ya 1.7 ni 1. Maji kidogo tumboni ni 2. Akili timamu, bila kuchanganyikiwa wala kulala mchana na kukesha usiku, ni 1. Jumla 7. Kuanzia 5 hadi 6 ni A, 7 hadi 9 ni B, 10 hadi 15 ni C. Wewe uko mlango wa kuingilia B, mama, mbali na C. Na mlango huo unafunguka pande zote mbili. Albumini ikipanda kupita 35 kwa tenofoviri isiyokatika na chakula, unarudi A. Ukiacha dawa tena, virusi vinaweza kuamka kwa ghafla na ini likaungua ndani ya majuma machache. Kwamba huoni tofauti si ushahidi, kwa sababu virusi vya B havina kelele. Kipe kidonge nyumba mbili: pakiti moja nyumbani, nyingine ndani ya mfuko wa Kasumbalesa, na uende kufuata nyingine zikibaki za siku kumi. Kuhusu maji, mganga anaweza kukuanzishia spironolaktoni, dawa ya kukojoza maji, huku akipima potasiamu na kreatinini, kipimo cha figo. Kwenye hesabu, maji yanayoshikwa na dawa bado yana pointi 2, lakini kwa mpasuaji tumbo kavu ni jambo kubwa sana.

Njia ya kusubiri inafanana na kutofanya lolote, ila sivyo. Mawe yasiyouma kwa mwenye sirozi huachwa, hilo waganga wengi duniani wanakubaliana. Yako, kwa zile usiku, yanaonekana yanauma. Ukisubiri, hatari ni kwamba jiwe linaweza kuziba kweli, mfuko ukawaka moto wa kweli, au jiwe likateremka kwenye mfereji na kuleta manjano au kuchoma kongosho. Hapo utapasuliwa usiku, kwa haraka, bila maandalizi, na dharura kwa sirozi ni mbaya kuliko operesheni ya kupanga kwa mbali. Kwa hiyo anayesubiri anatakiwa kujua siku ya kukimbia hospitali: maumivu yaliyoendelea zaidi ya masaa sita, homa ya kutetemeka, macho ya njano na mkojo wa rangi ya chai, kutapika damu au choo cheusi kama lami, tumbo linalojaa na kuuma kote, au watu wa nyumbani kusema "mama anaongea mambo hayaeleweki." Hiyo ya mwisho wewe hutaijua, dada ndiye aijue.

Njia ya kisu ina sharti zake. Ini likiwa gumu, damu ya kutoka utumbo inatafuta vichochoro, kama maji ya mtaro ulioziba. Vichochoro hivyo vinapita kwenye umio, kuzunguka kitovu, hata kwenye mfuko wa nyongo wenyewe na pale ulipolala juu ya ini. Ndiyo maana fibroskopi, kamera ya kuangalia ndani ya umio na tumbo, itangulie: mishipa mikubwa kwenye umio ikionekana, ifungwe kwa mipira au uanzishiwe propranololi kabla ya mtu kukupeleka mezani. Ndiyo maana pia mpasuaji anayejua kazi hii hatoboi kitovuni bila kuangalia, na akikuta ukuta wa nyuma umeshikana na ini haung'oi, anauacha mahali pake na kutoa mawe na sehemu iliyobaki. Muulize wazi kama huwa anafanya hivyo. Akikasirika kwa swali, umepata jibu la namna yake. Plaketi 82,000 zinatosha kwa wengi, kikomo cha kawaida ni 50,000. Damu ya akiba ya kundi lako iwepo. Na kuwe na chumba cha wagonjwa mahututi chenye oksijeni na umeme usiotegemea SNEL, shirika la umeme, peke yake.

Kinachoharibika mara nyingi si siku ya operesheni bali majuma yanayofuata. Maji ya tumbo yanavuja kwenye matundu, yanaingiwa na vijidudu. Ini lililokuwa linajikaza linaregea: njano inapanda, mkojo unapungua, usingizi unageuka. Ukikubali kisu, usikubali kurudishwa Katuba kesho yake kwa sababu matundu ni madogo, na uulize ni nani atakayekupima bilirubini, kreatinini na sodiamu siku za mbele.

Kuyeyusha mawe? Iko dawa, asidi ya ursodeoksikoliki, inafanya kazi kwa mawe madogo ya kolesteroli, kwa miezi mingi, na yanarudi. Mawe ya wenye sirozi mara nyingi ni meusi, ya rangi ya damu iliyovunjika, na hayayeyuki kwa dawa hiyo. Lile la ndimu na mafuta ya zeituni, mama, mafuta yakikutana na maji ya utumbo yanaganda kuwa vipira vya sabuni, vya kijani, laini. Mama wa kanisani hakudanganya, aliviona kweli. Mawe yake yalibaki yalipo. Kwako hatari ni kwamba glasi nzima ya mafuta kwa mara moja ndiyo inayokaza mfuko na kuleta usiku mwingine.

Dada anasema nyongo ikitoka ini litapona. Nyongo inatengenezwa na ini, karibu nusu lita au zaidi kila siku, na mfuko ni ghala la kiasi kidogo tu. Ukiutoa, ini linaendelea kumimina moja kwa moja utumboni, wengine wanaharisha kidogo mwanzoni, na sirozi inabaki palepale. Kinacholinda ini lako ni tenofoviri, kutogusa lutuku wala pombe yoyote, na kutokula mahindi wala karanga zenye ukungu. Wewe unayeuza mahindi unaijua gunia lililolowa kwa harufu kabla ya kulifungua. Lile usilirudishe nyumbani kwa kuhurumia hasara: sumu ya ukungu huo pamoja na hepatiti B ndiyo inayoita kansa ya ini.

Na mayai yarudi mezani. Mtu wa sirozi anayenyimwa protini anakula misuli yake mwenyewe. Ukiwa na kilo 60, unahitaji gramu 72 hadi 90 za protini kwa siku, na yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo uone jinsi ilivyo vigumu kufika bila maharagi, samaki na soya. Kinachopunguzwa ni kukaanga. Tomson hilohilo lichemshe kwa nyanya. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa vyote pamoja, ndiyo kusema makayabu, samaki wa chumvi, na vile vidude vya kukoleza sombe, majani ya muhogo, vikae mbali na chungu chako. Usilale na njaa: uji wa soya au mkate na yai kabla ya kulala unalisaidia ini usiku.

Kwa yaya, sidhani pesa zake zimekuja bure. Anaweza kukasirika akisikia "ngoja", lakini unaweza kumwomba sehemu yake ilipe kwanza fibroskopi, ekografia ya pili, damu, na mazungumzo ya waganga wote wawili juu ya faili moja. Ile tarehe ya mwezi ujao inaweza kusogezwa ikiwa huna homa wala njano. Kama mwisho wake ni kisu, kitakuwa kisu kilichotayarishwa. Kama ni kusubiri, utasubiri ukijua. Huenda pia wakakuta kwamba hospitali ya kufaa haiko hapa, na hapo pesa zilizobaki zitakuwa za safari.

Jina la ugonjwa ni lako, unaamua nani alijue. Ila mpasuaji na mtu wa usingizi lazima walijue, kwa usalama wao na kwa kuchagua dawa zako. Kuhusu watoto, ningependa ulifikirie kwa namna hii: swali si aibu yako, swali ni kama nao wanavyo. Hepatiti B inapita kwa damu, kwa ndoa, na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Haipiti kwa bukari, yaani ugali, wala kwa sahani, wala kwa kopo lile la juu ya friji, na dada anaweza kulishusha leo. Wembe, mswaki na mkasi wa kucha ndivyo visichangiwe. Unaweza kuanza na mmoja, yule unayemwamini kwa siri. Wapimwe HBsAg, kipimo cha virusi vyenyewe, na kingamwili mbili, ya ugonjwa na ya chanjo. Asiye na kitu apate chanjo tatu: ya leo, ya baada ya mwezi 1, na ya mwezi wa 6. Dada naye apimwe. Na kama mke wa mkubwa ana mimba au anatarajia, yeye asingoje wengine: mtoto anayezaliwa na mama mwenye virusi anatakiwa chanjo ndani ya saa 24, na hilo linapangwa kabla ya uchungu kuanza.

Fibroskopi ikitoka, tuandikie imesema nini.